Guangzhou kwa Mdomo Uliozoea Pilipili

Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaojiandaa kwenda Guangzhou, China, kwa mara ya kwanza huuliza mambo ya mzigo: kontena, wakala, ushuru, kipi kiende kwa ndege na kipi kwa meli. Chakula hakiulizwi. Huja kuulizwa baada ya siku mbili tatu, mtu ameshachoka mayai ya kuchemsha ya hotelini na biskuti alizobeba begini. Mimi ningeanza na hilo. Kuzunguka masoko ya nguo na vifaa vya simu tangu asubuhi hadi jioni, unapatana bei kwa kikokotoo huku sampuli zinaning'inia begani, ni kazi inayomaliza mwili, na kwa sisi tuliolelewa Tanga chakula kisicho na ukali hakijakamilika. Tena mtaji wenyewe ni mdogo. Yuan moja ni zaidi ya shilingi 300 za Tanzania, na pesa inayokwenda tumboni inatoka kwenye bunda lile lile la kununulia mzigo.

Ugumu wa Guangzhou ni kwamba wenyeji wake hawana haja na pilipili. Mji huo ni makao makuu ya jimbo la Guangdong, na mapishi ya Guangdong yanasifika China nzima, kwa haki kabisa. Samaki anatolewa hai kwenye tangi, anapikwa kwa mvuke na tangawizi na majani ya kitunguu, anamwagiwa mafuta ya moto na sosi ya soya, basi, ameiva. Kuku anachemshwa taratibu na kuletwa mezani mweupe vile vile. Ladha ya kitu chenyewe ndiyo inayotafutwa, na viungo vingi vinahesabiwa kuwa vinaificha. Halafu kuna suala la afya: wanaamini pilipili na vyakula vya kukaanga vinaleta joto la ndani, koo linakauka, vidonda vinatoka mdomoni. Ndiyo maana ukitembea mitaani unapita duka baada ya duka la liangcha, chai ya mitishamba, nyeusi na chungu, ya kupoza joto hilo.

Hali ya hewa yao ni hii hii ya kwetu, joto na unyevu, shati linagandia mgongoni kabla ya saa nne asubuhi. Mtu wa Sichuan, ambako nako kuna unyevu mwingi, atakwambia pilipili ndiyo dawa ya kuutoa mwilini. Nimekulia pwani, nimekula pilipili katika joto maisha yangu yote, na nakubaliana na mtu wa Sichuan.

Ukiuliza wenzako pa kula utaambiwa Xiaobei. Ni eneo la wilaya ya Yuexiu, lina kituo chake cha treni ya chini ya ardhi kwenye laini namba 5, na ndiko wafanyabiashara wa Kiafrika walikoanza kujaa tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Kweli, utapata ugali, samaki wa kukaanga, maharage, mboga za majani na pilipili ya kusaga yenye ukali wa heshima. Utasikia Kilingala, Kifaransa, Kiigbo, na ukikaa kidogo utasikia na Kiswahili. Baada ya korona mwaka 2020 watu wengi waliondoka na majiko mengi yakafungwa, lakini hayakwisha. Mimi hupita pale ninapotaka kusikia habari za nyumbani na kujua nani amepata wakala mzuri. Kula kila siku sitoweza. Unga umesafiri, mpishi amesafiri, kodi ya pango ni ya katikati ya jiji, wateja ni wa kuja na kuondoka, na mwenye jiko lazima arudishe gharama zake zote hizo kwenye sahani yako. Simlaumu hata kidogo.

Msimamo niliofikia ni huu: ukitaka kula kikali na kwa bei nafuu ugenini, mtafute mgeni mwingine, yule aliyekuja mjini kufanya kazi za mshahara mdogo akitokea mahali panapopenda viungo. Hawezi kulipa bei za migahawa ya watalii, hawezi kukaa mwezi bila pilipili, na wenzake wameshafungua jiko la kumlisha. Kaa mezani kwake. Dubai ni vivyo hivyo: anayekushibisha Deira kwa dirhamu chache ni Mhindi wa Kerala mwenye kafeteria, kwa chapati za kukunja, mchuzi na chai ya karak, na wateja wake wakubwa ni mafundi na madereva. Guangzhou ina wageni wa namna hiyo kwa mamilioni, ila wageni wenyewe ni Wachina wa majimbo mengine.

Wa kwanza kwangu ni Waislamu wa kaskazini-magharibi. Utawatambua kwa herufi mbili, 清真, zinazowekwa juu ya mlango, mara nyingi kwenye kibao cha kijani. Zipige picha ukae nazo kwenye simu, maana ndizo zinazokwambia kwamba hapa ni halali. Maduka yao ya tambi za Lanzhou yametapakaa mji mzima, hadi mitaa ambayo hutamwona mgeni mwingine yeyote. Jina ni la mji wa Lanzhou, jimbo la Gansu, lakini wengi wa wenye maduka hayo kusini mwa China wanatokea Hualong, wilaya ya milimani katika jimbo jirani la Qinghai. Walishuka huku kutafuta riziki, ndugu akamvuta ndugu. Mara nyingi duka zima ni familia moja: baba anavuta tambi, mama anapokea pesa, mtoto anaandika kazi zake za shule kwenye meza ya pembeni.

Simama umtazame anavyovuta. Unga wa ngano umekandwa kwa maji yenye magadi, na magadi hayo ndiyo yanayoufanya uvutike bila kukatika. Anakata donge, analipiga mezani hadi meza inalia, analivuta mikono ikitanuka, analikunja, analivuta tena. Kila mkunjo nyuzi zinazidi mara mbili, kwa hiyo ukifika mkunjo wa nane mkononi kuna nyuzi 256, nyembamba kama tambi za Idi. Anazikata kwa kiganja, zinaingia kwenye sufuria ya maji yanayochemka, na kabla hujapata nafasi ya kupangusa meza bakuli limefika. Lanzhou kwenyewe huhesabu rangi: mchuzi uwe safi, figili iwe nyeupe, mafuta ya pilipili yawe mekundu, majani yawe ya kijani, tambi ziwe na umanjano. Nyama inakatwa vipande vyembamba sana, na mtu mwenye njaa ya kazi ataona ni michache, lakini unaweza kuongezewa kwa pesa kidogo. Bakuli lenyewe mara nyingi halivuki yuan 20, na ni bakuli kubwa.

Mezani pana kopo la pilipili ya mafuta. Usichote juu juu. Juu ni mafuta yenye rangi na harufu. Ukali mwingi umelala chini, kwenye chenga za pilipili kavu na mbegu zake, kwa hiyo zamisha kijiko hadi kiguse sakafu ya kopo. Hata hivyo utahisi kuna kitu kinakosekana. Nilikuwa nimekaa na mama mmoja wa Unguja, mfanyabiashara wa mapazia, mtu mzima ambaye amekwenda China tangu siku ambazo watu walibeba dola kiunoni. Aliniona navyoongeza kijiko juu ya kijiko, akacheka, akavuta chupa ya siki nyeusi iliyokuwa pembeni.

"Kaa na chupa hii karibu, mwanangu. Pilipili bila ukali wa ndimu haikamiliki."

"Lakini hii si ndimu, mama."

"Onja kwanza, kisha uniambie kama si pilipili ya muhogo."

Akachanganya kwenye kisahani: vijiko viwili vya chenga, siki kidogo, chumvi iliyokuwa mezani. Kikaja kitu ambacho, kwa mtu aliyekula muhogo wa kuchoma ufukweni jioni, hakihitaji maelezo. Tangu hapo sijakaa kwenye duka la tambi bila kuandaa kisahani hicho, na wenye maduka wameshazoea, wananiletea kitupu kabla sijaomba.

Ukichoka tambi, ukutani kuna picha za vyakula na bei zake, onyesha kwa kidole. Tafuta picha ya wali uliomwagiwa mchuzi mzito wa viazi na nyama ya ng'ombe. Wao huita tudou niurou gaifan, na ni chakula ambacho ungekila Tanga bila kuuliza kimetoka wapi. Wakati wa kuagiza sema "jia la", waongeze pilipili. Ukisahau maneno hayo utaletewa kitu kilichopunguzwa ukali kwa ajili ya wateja wa Guangdong.

Jioni, kukiwa na pesa kidogo zaidi au kampani, nakwenda kwa Wauiguri wa Xinjiang, Waislamu wengine wa kaskazini-magharibi. Harufu itakufikia kabla ya kibao. Wanachoma mishkaki ya kondoo kwenye jiko refu jembamba la mkaa, kipande cha mafuta katikati ya vipande vya nyama, na mchomaji ananyunyizia chumvi, pilipili ya unga na bizari nyembamba kwa mkono wa ukarimu. Bizari inapoungua juu ya mafuta yanayodondoka kwenye mkaa, unapata moshi wa pilau na mishkaki kwa pamoja, na nimewahi kuwaona Watanzania wenzangu wanasimama ghafla barabarani katikati ya mazungumzo. Ukali wa unga wao ni wa wastani. Mwombe aongeze, ataongeza kwa furaha.

Pembeni ya mishkaki kuna mkate wa nang, unaobandikwa ndani ya tanuri la udongo, umenyunyiziwa ufuta na vitunguu. Mtu wa Lamu atakumbuka mofa, mtu wa Unguja atasema ni ndugu wa mkate wa ufuta, na wote watakuwa sahihi. Kuna wali wa kondoo na karoti, mtamu, ingawa rangi yake ni ya manjano na hauna ule uzito wa pilau yetu iliyokaangiwa kitunguu hadi kikawa kahawia. Na kuna kitu kinaitwa pilahong: vitunguu, pilipili za kijani na nyanya, vimekatwa vyembamba, vimetiwa chumvi na siki. Ni kachumbari. Hakuna namna nyingine ya kuieleza. Nilipoiona mara ya kwanza nilifurahi sana, maana watu hawa wako maelfu ya kilomita kutoka bahari yoyote na wamefikia sahani ile ile.

Kwa watu wanne hivi, agizeni dapanji, sahani kubwa ya kuku mzima aliyekatwakatwa, akapikwa na viazi, pilipili kavu na pilipili hoho, halafu mkishapunguza nyama mnaletewa tambi pana za kutupia kwenye mchuzi uliobaki. Ukiiona bei yake kwenye orodha utashtuka, lakini igawe kwa watu wanne. Ijumaa, baada ya sala kwenye msikiti wa kaburi ambalo kwa mapokeo ya Waislamu wa China ni la Saad ibn Abi Waqqas, sahaba wa Mtume, ndipo utakapokutana na watu wa kuchangia nao sahani kama hiyo, Wasomali, Wapakistani, Waafrika Magharibi, na kila mmoja ana duka lake la halali analolisifia.

Wageni wa pili ni watu wa Hunan. Jimbo lao linapakana na Guangdong kwa kaskazini, na kwa miongo kadhaa vijana wake wamekuwa wakishuka kufanya kazi kwenye viwanda vya huku. Jiko lao linatambulika kwa herufi moja, 湘. Ukali wa Hunan ni ukali mnyoofu: pilipili mbichi zimekaangwa na nyama, au zimekatwakatwa, zikatiwa chumvi na kuachwa zichachuke, halafu zikamwagwa juu ya kichwa cha samaki kinachoingia kwenye mvuke. Rafiki zangu wa Moshi na Mbeya hawataki kusikia jiko jingine. Mwislamu awe mwangalifu, kwani nguruwe yuko kila upande na hata mboga huweza kukaangwa kwa mafuta yake. Mimi hununua dukani chupa ya hiyo pilipili iliyochachuka, huitwa duojiao, na inanitosha.

Hapo kuna jambo linalonishangaza kila ninapolifikiria. Pilipili si mmea wa China wala wa kwetu. Imetoka Amerika, ikavushwa bahari baada ya safari za Columbus, na Wareno ndio walioisambaza sana huku mashariki. Wareno hao hao walifika Malindi mwaka 1498, na kufikia 1557 walikuwa wamekaa Macao, mwendo mfupi tu kutoka Guangzhou. Maandishi ya Kichina yanaitaja pilipili mwaka 1591. Watu wa bandari, ambao meli zilikuwa zinapita mlangoni kwao, hawakuitia maanani. Walioishika ni wa bara, wa Hunan, Guizhou na Sichuan. Guizhou chumvi ilikuwa adimu na ghali, na maskini aliyekosa chumvi aliteremshia wali kwa pilipili. Kwetu ni wa pwani walioiweka jikoni kwa moyo wote, kwenye achari, urojo na mchuzi wa pweza. Kwa hiyo ninapokaa na kijana wa kiwandani wa Hunan, sote wawili tunakula urithi wa meli zile zile.

Sichuan nitapita haraka. Chakula chao ni kitamu na migahawa yao ni mingi, lakini pilipili yao hutembea na huajiao, punje ndogo zinazotia ganzi midomo na ulimi. Wapo Waswahili walioipenda ganzi hiyo. Kwangu inafunika ukali nilioufuata. Ukienda, waambie weila, ukali kidogo, siku ya kwanza, halafu upandishe mwenyewe.

Wanaoendelea hadi Yiwu kwa bidhaa ndogo ndogo hawana haja ya kuhangaika: mji ule una Waarabu wengi, na mandi ya Yemeni, wali na nyama, yenye sahawiq pembeni, yaani nyanya na pilipili mbichi zilizosagwa, itamkumbusha mtu wa Mombasa kwao bila shida. Kuhusu malipo, tangu 2023 unaweza kuunganisha kadi ya Visa ya benki yako na Alipay au WeChat, programu za kulipia kwa simu, na ufanye hivyo kabla ya kusafiri, kwa sababu duka dogo la tambi linaweza kukosa chenji ya noti kubwa.

Kuna harufu moja ambayo yote niliyoyataja hayakunipa, nayo ni ya pilipili mbuzi. Tambi zina ukali, mishkaki ina ukali, Hunan ina ukali wa kutoa machozi, lakini ile harufu ya tunda, inayopanda puani kabla ulimi haujachomeka, haimo. Mbichi huwezi kubeba kutoka nyumbani, China hairuhusu abiria kuingia na matunda wala mboga mbichi. Ikawa ndiyo kiu yangu ya kila safari, hadi siku moja kwenye rafu ya chini ya duka la kawaida kabisa, katikati ya chupa nyekundu za kila aina, nikaona chupa ya njano. Ni pilipili ya kisiwa cha Hainan, kusini zaidi ya Guangdong. Huitwa huangdenglong, taa ya njano, kwa sababu ya umbo lake lililokunjamana kama taa ya karatasi ya Kichina. Wataalamu wa mimea wanaiweka katika spishi moja na pilipili mbuzi yetu, na mtu hahitaji kusoma hilo popote akishafungua kifuniko. Imesagwa na chumvi na kitunguu saumu, haina mafuta mengi, na bei yake ni ya yuan chache.

Inakwenda na kila kitu: wali wa viazi na nyama, kuku mweupe wa Guangdong, samaki wa mvuke. Ndiyo, hata samaki wa mvuke. Nimeagiza samaki yule ambaye wenyeji wanamsifia, nikaweka kijiko cha njano pembeni ya sahani, nikagusa kidogo kidogo, na nikaelewa kwa mara ya kwanza kwa nini wanamsifia. Mwenye mgahawa alikuja kutazama, akaonja kwa ncha ya kijiti, akaenda kuniletea glasi ya liangcha bila kunitoza.

Chupa unaifunga kwa mfuko wa plastiki, unaiviringisha ndani ya nguo, unaiweka kwenye begi kubwa linalokwenda chini ya ndege, kwa sababu kwenye mkoba wa mkononi itachukuliwa. Mama yangu ameikubali kwa sharti kwamba ikamuliwe ndimu kwanza, na anakula nayo chapati asubuhi. Nikimpigia simu kumuaga kwamba naondoka, orodha yake inaanza na chupa hizo, vitambaa vya mapazia vinafuata.